Akili bandia yaingia katika vipima oksijeni ya damu: mwagizaji na mwenye hisa waangalie nini

Mnunuzi wa samaki anayefika Mbegani alfajiri, mashua zikiteremsha, hasikilizi sana maneno ya mvuvi. Anamchukua samaki mmoja, anafunua shavu kwa kidole gumba na kutazama rangi. Ikiwa nyekundu ya kung'aa, anataja bei. Ikiwa imefifia na kuelekea kahawia, anamrudisha samaki kwenye tenga na kwenda mashua ya pili. Hakusoma kemia ya damu shuleni, lakini anachokisoma pale ni damu.

Kile kifaa kinachobanwa kidoleni mwa mgonjwa na kutoa tarakimu mbili zinazowaka kinafanya kazi iliyo jamaa na hiyo. Kwa miaka mingi kilikuwa kitu cha vyumba vya upasuaji. Tangu mlipuko wa UVIKO-19 wa mwaka 2020 kimeingia katika maduka ya dawa, katika maboksi ya Kariakoo na hata katika saa za mkononi. Sasa kinakuja na maneno mapya juu ya boksi: akili bandia, ambayo wengine huiita akili unde au akili mnemba. Mfanyabiashara anayefikiria kuagiza shehena kwa ajili ya zahanati za pwani, na mwananchi mwenye akiba kidogo anayefikiria kununua hisa za kampuni zinazohusika na biashara hii, wote wawili wanahitaji kujua maneno hayo yanauza nini hasa.

Mwanga unaohesabiwa

Damu iliyobeba oksijeni ni nyekundu ya kung'aa. Ikishaishusha mwilini hukoza rangi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mhandisi wa Kijapani Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden alipata njia ya kuitumia tofauti hiyo bila kumchoma mtu sindano. Kifaa hupitisha kidoleni taa mbili: moja nyekundu ya nanomita 660, na nyingine isiyoonekana kwa macho, ya nanomita 940. Damu yenye oksijeni na isiyo nayo huzimeza taa hizo kwa viwango tofauti. Kwa kuwa nyama, mfupa na ngozi navyo humeza mwanga, kifaa kinatafuta ile sehemu ndogo tu inayopanda na kushuka kwa kila pigo la moyo. Hiyo ndiyo damu mpya inayoingia.

Hapo mfanyabiashara aelewe jambo moja. Kifaa hakigusi oksijeni hata kidogo. Kinapima mwanga, kinapiga hesabu ya uwiano wa taa mbili, kisha kinafungua jedwali lililohifadhiwa ndani yake na kusoma asilimia inayolingana. Jedwali hilo lilitengenezwa kwa kuwachukua watu wazima wenye afya, kuwapumulisha hewa yenye oksijeni kidogo maabara, na kulinganisha mwanga na damu iliyotolewa mishipani mwao. Kwa usalama wa watu hao huwa hawashushwi chini ya asilimia 70 hivi. Tarakimu yoyote chini ya hapo ni makisio juu ya makisio.

Kwa mtu mwenye afya aliye usawa wa bahari kama Mbegani, kawaida ni 95 hadi 100. Ikishuka chini ya 90, kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni kumpa mgonjwa oksijeni. Mtoto mwenye nimonia anaweza kufika kiwango hicho huku mama yake bado anaona ni mafua tu, na mganga mwenye uzoefu naye asione kitu kwa macho. Ndiyo maana kifaa hiki kina thamani, na ndiyo maana kosa lake lina gharama.

Malori yaliyojaa na malori yaliyopo

Makosa ni mengi na baadhi yana harufu ya pwani. Tuanze na lile linalosahauliwa zaidi. Kifaa kinatoa asilimia, hakitoi jumla. Fikiria msafirishaji anayeulizwa hali ya magari yake akajibu, "Yote yamejaa." Jibu ni la kweli, lakini ana malori matatu yanayotembea badala ya kumi. Mtoto aliyepungukiwa damu kwa malaria kali anaweza kuonyesha 98 kwa sababu kila chembe nyekundu iliyobaki imejaa oksijeni, ilhali chembe zenyewe hazitoshi. Muuguzi anayetazama tarakimu tu atamrudisha nyumbani.

Lingine ni moshi. Hewa ya sumu inayotoka kwenye jiko la mkaa lililofungiwa chumbani hujishika kwenye damu mahali pa oksijeni, na damu hiyo hung'aa nyekundu vilevile. Kipima oksijeni cha kawaida hakitofautishi. Mgonjwa yuko hatarini na tarakimu inasema yuko salama.

Hina nyeusi nzito kwenye ncha za vidole, kama ile ya bibi harusi, inaweza kuzuia mwanga. Rangi ya kucha hali kadhalika. Dawa yake ni rahisi, pimia kwenye ndewe ya sikio kwa kibanio kilichotengenezwa kwa sikio. Mkono wa baridi hauna damu ya kutosha kusomwa. Mtoto anayerusharusha mguu anaichanganya mashine, kwa kuwa damu inayosukwasukwa na mwendo nayo inapanda na kushuka kama pigo la moyo. Mgonjwa wa selimundu naye ana damu ambayo jedwali la kawaida halikutengenezewa, na nchini mwetu inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka.

Halafu kuna rangi ya ngozi. Mwezi Desemba 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa hospitali za Marekani. Walichukuliwa wagonjwa ambao kifaa kiliwaonyesha kati ya 92 na 96, yaani hali isiyotisha sana, kisha damu yao ikapimwa maabara. Miongoni mwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7 walikuwa kwa kweli chini ya 88. Miongoni mwa weupe, asilimia 3.6. Karibu mara tatu. Chanzo ni kile kile: mwanga unamezwa na weusi wa ngozi, na watu waliotumika kutengeneza majedwali walikuwa wengi wao weupe. Kanuni ya Marekani ya mwaka 2013 iliridhika na watu kumi, wawili kati yao wakiwa na ngozi nyeusi. Rasimu ya Januari 2025 inapendekeza wasipungue 150, wa rangi za ngozi zilizotawanyika.

Kwa mnunuzi wa Tanzania hilo si habari ya mbali. Hapa karibu kila mteja ni yule ambaye jedwali lilimsahau.

Akili bandia inaongeza nini

Neno hili linatumika ovyo sokoni, kwa hiyo tulifungue. Mashine ya zamani inafuata hesabu iliyoandikwa na mhandisi. Mashine yenye akili bandia inaonyeshwa maelfu ya mifano, wimbi la mwanga upande huu na jibu sahihi la maabara upande ule, mpaka inajitafutia yenyewe uhusiano uliopo. Katika kupima oksijeni, kazi yake kubwa iko sehemu tatu.

Ya kwanza ni kusafisha wimbi, yaani kutenga pigo la moyo na msukosuko wa mguu wa mtoto. Hapa faida ni ya wazi. Wodi ambayo king'ora kinalia ovyo usiku kucha huishia na muuguzi anayekizima, na siku kinapolia kwa haki hakuna anayeinuka.

Ya pili ni kutabiri. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani walitoa matokeo ya programu waliyoifunza kwa kumbukumbu za upasuaji zipatazo 50,000. Kazi yake ilikuwa kuonya kabla oksijeni ya mgonjwa haijashuka mezani. Walikadiria kwamba mtaalamu wa usingizi peke yake angebaini mapema asilimia 15 ya matukio, na akisaidiwa na programu asilimia 30. Ni ongezeko la maradufu, lakini msomaji aone vilevile kwamba asilimia 70 ya matukio bado yalipita.

Ya tatu ndiyo inayowavutia zaidi wauzaji wa simu: kupima bila kifaa kabisa. Mwaka 2022 chuo hicho hicho, pamoja na kile cha California San Diego, kilionyesha kwamba kamera ya simu na taa yake vinaweza kusoma oksijeni kupitia ncha ya kidole. Programu ilitambua sawasawa kama oksijeni iko chini au la mara 80 katika kila 100. Vyombo vya habari vilishangilia. Waliopimwa walikuwa watu sita, na mmoja tu kati yao alikuwa na asili ya Kiafrika. Watafiti hawakuficha hilo. Ni wauzaji wa programu za simu wasiolitaja. Asiyepima mizani haiti mzigo kilo mia kwa kuutazama, na mwenye duka asikubali kuuza programu ya simu ya kupima oksijeni kama mbadala wa kifaa.

Juu ya rangi ya ngozi, akili bandia inaweza kuponya au kuzidisha maradhi. Ikifunzwa kwa damu ya watu wa Mbegani, Tanga na Kilifi, itasoma vizuri Mbegani, Tanga na Kilifi. Ikifunzwa kwa watu wa mbali, itarudia makosa ya jedwali la zamani, tena kwa namna iliyo ngumu kuikagua, kwa kuwa jedwali unaweza kulifungua ukalisoma na akili bandia huwezi. Mwinuko wa ardhi nao una sehemu yake. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na mtu mzima wa huko mwenye afya anaweza kuonyesha tarakimu pungufu kidogo kuliko wa Bagamoyo. Programu isiyoambiwa iko wapi itamwita mgonjwa mtu asiye mgonjwa.

Yaliyokwisha kujaribiwa kwetu

Bagamoyo si mgeni wa utafiti. Taasisi ya Afya Ifakara ina tawi lake mjini hapo, na watoto wa wilaya hiyo walishiriki katika majaribio makubwa ya chanjo za malaria, ile ya RTS,S na baadaye R21. Hiyo ni mali ambayo wawekezaji wa nje wanaitambua kuliko sisi wenyewe: wataalamu, maabara na kumbukumbu za wagonjwa zilizotunzwa vizuri karibu na chuo cha uvuvi cha Mbegani, mwendo usiozidi saa chache kutoka Dar es Salaam.

Taasisi hiyo hiyo ilishiriki katika mradi wa DYNAMIC, pamoja na wenzao wa Mbeya na wa Lausanne, Uswisi. Wahudumu wa vituo vya afya 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro ndio waliohusika. Nusu ya vituo vilipewa tableti yenye programu iitwayo ePOCT+, inayomwongoza mhudumu swali kwa swali, pamoja na kipima oksijeni na vipimo vichache vya damu. Nusu viliendelea kama kawaida. Matokeo yaliyochapishwa na jarida la Nature Medicine yalionyesha kwamba katika vituo vya kawaida watoto 70 katika kila 100 waliandikiwa viuavijasumu, na katika vituo vyenye tableti 23 tu, bila watoto hao kupata madhara zaidi. Kwa muuza dawa hiyo ni habari mbaya ya mauzo. Kwa bohari na kwa mifuko ya bima ni habari njema ya fedha.

Lakini tuseme ukweli: moyo wa ePOCT+ ni kanuni zilizoandikwa na madaktari, hatua kwa hatua, na mhudumu anaweza kuzifuatilia. Smart Triage, iliyotumika katika hospitali ya Jinja, Uganda na huko Kenya, hupanga watoto kwa dharura kwa kutumia kipima oksijeni kilichounganishwa na simu au tableti, nayo imejengwa juu ya hesabu za takwimu ambazo mwanafunzi wa chuo anaweza kuzisoma. Zote mbili huitwa akili bandia katika matangazo. Ukurasa huu hauoni aibu katika hilo. Hesabu rahisi iliyojaribiwa Morogoro ni bidhaa bora kuliko hesabu ngumu iliyojaribiwa mbali.

Vilevile ulikuwapo mradi wa TIMCI, uliogharamiwa na Unitaid na kuongozwa na shirika la PATH, ambao ulipeleka vipima oksijeni katika vituo vya ngazi ya chini vya nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo. Kwa watoto wachanga uko NEST360, unaofanya kazi Tanzania, Kenya, Malawi na Nigeria. Jijini Nairobi, Aga Khan na hospitali ya wazazi ya Pumwani zilitumika kupima vifaa vipya vya kuwafuatilia wachanga. Mwagizaji ayajue majina haya kwa sababu za kibiashara kabisa: miradi ya namna hii hununua kwa wingi kwa zabuni, huchagua aina ya kifaa, na vituo vikishazoea aina hiyo ndiyo watakayoitafutia vipuri.

Upande wa soko

Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa fungu la vifaa vya tiba ambamo kipima oksijeni kimo ni sifuri. Tozo nyingine aulizwe wakala. Kisichokwepeka ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, inayopanga vifaa katika madaraja manne, A hadi D, na kudai usajili kabla ya kuuza. Programu inayotoa ushauri wa tiba nayo ni kifaa tiba, hata kama haina waya wala betri. Na kwa kuwa akili bandia hula kumbukumbu za wagonjwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu mwenye kliniki anayeruhusu vipimo vya wateja wake viende kwenye kompyuta za nje ya nchi. Asome mkataba kabla hajabonyeza "nakubali".

Juu ya ubora, mwandishi ana kisa chake. Wakati wa UVIKO-19 nilinunua kifaa cha kidole kwa muuzaji wa barabarani. Nilipokibana kidoleni kilisema 98. Nilipokibana kwenye penseli kilisema 97. Tangu hapo jaribio la penseli nalifanya dukani mbele ya muuzaji. Si kipimo cha maabara, lakini linaokoa fedha. Anayeagiza kwa maboksi adai zaidi ya hapo: cheti cha kiwanda kinachoonyesha kifaa kililinganishwa na damu ya watu wangapi, wa rangi gani ya ngozi, na kilikosea kwa kiasi gani. Kiwanda makini kinayo karatasi hiyo. Kisichokuwa nayo huleta punguzo la bei.

Kwa wanaofuatilia hisa za nje, jina kubwa ni Masimo ya California, kampuni iliyojijenga kwa hesabu za kutenga pigo la moyo na msukosuko. Februari 2022 ilitangaza kununua kampuni ya redio na spika za muziki, na hisa zake zikaporomoka kwa zaidi ya theluthi moja siku iliyofuata. Biashara ya oksijeni ilikuwa nzima. Soko liliadhibu uamuzi wa wenye kampuni. Kisha ikaja vita yake na Apple juu ya hataza za kupima oksijeni kwa saa ya mkononi. Desemba 2023 saa hizo zilizuiwa kuingizwa Marekani, Januari 2024 Apple ikaziuza huko bila kipimo hicho, Agosti 2025 ikakirudisha kwa muundo mwingine, na Novemba 2025 baraza la wazee wa mahakama likaamua Apple ilipe dola milioni 634. Apple ilisema itakata rufaa. Mwenye hisa mdogo aone kwamba thamani katika biashara hii imelala kwenye hataza na mahakama kuliko kwenye plastiki na taa.

Nyumbani, aliye karibu zaidi na oksijeni ni TOL Gases, zamani Tanzania Oxygen Limited, kampuni ya kwanza kabisa kuuzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipofungua milango Aprili 1998. Hoja ya wanaoipigia debe ni kwamba kila kipima oksijeni kinachoingia zahanati kinamfumbua muuguzi macho, na kila anayefumbuliwa macho anatafuta mtungi. Hoja ina maana. Tume ya jarida la The Lancet Global Health kuhusu oksijeni ya tiba, ambayo Chuo Kikuu cha Makerere ni mmoja wa waliosimamia, ilieleza Februari 2025 kwamba watu bilioni tano duniani hawana uhakika wa oksijeni salama na ya bei wanayoimudu. Mahitaji yapo. Lakini TOL inauza pia gesi za kuchomelea vyuma na za viwandani, na gesi ya vinywaji kutoka Rungwe, kwa hiyo mapato yake yanafuata ujenzi na soda pamoja na hospitali. Tena hospitali kadhaa za umma zimejengewa mitambo yao ya kuzalisha oksijeni tangu 2021. Asomaye hesabu za kampuni atafute fungu la tiba peke yake kabla ya kutoa agizo kwa dalali.

Kwa mfanyabiashara wa Mbegani na Bagamoyo asiye na mtaji wa hisa, fedha iliyo karibu iko mahali pasipo na jina kubwa. Kibanio na waya wake ndivyo vinavyokufa kwanza. Waya hukatika shingoni pale unapokunjwa, chumvi ya hewa ya bahari hula vituo vya betri, na kibanio cha mtu mzima hakimshiki mtoto mchanga. Kituo chenye mashine nzuri hubaki na sanduku lisilosoma kwa kukosa kipande kidogo ambacho hakipatikani karibu. Aliye tayari kuweka kabatini vibanio vya aina mbili tatu zinazotumika vituoni, vya wakubwa na vya wachanga, pamoja na betri za kuchaji, aanze kwa kuzungukia zahanati akiandika majina ya mashine zilizopo na kilichoharibika. Orodha hiyo hakuna anayeiuza.